Kihamba cha Kilimanjaro: shamba lililojifunza kwa msitu

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, katika ukanda unaoanzia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi mita 1,800 au 1,900, msitu wa hifadhi unapoanzia. Nyumba ipo ndani ya shamba lenyewe. Imezungukwa na migomba, kahawa, magimbi, maharage, miti ya mbao na ya kivuli, majani ya mifugo na banda la ng'ombe wawili watatu, vyote katika eneo ambalo kwa kawaida halifiki hekta moja. Mgeni anayepita Marangu, Kibosho au Machame kwa mara ya kwanza hudhani yumo msituni, mpaka aone moshi wa jikoni ukipenya kwenye majani. Wala hakosei sana, kwa maana kihamba kilikatwa ndani ya msitu na kikaendelea kufuata mpangilio wake.

Siku hizi kihamba kinasifiwa sana na wataalamu wa kilimo na mazingira, na sifa hizo kinazistahili. Lakini mara nyingi husifiwa mimea tu, kana kwamba migomba na miti ya kivuli ilijipanga yenyewe. Mfumo huu ulisimama kwa sababu watu walikuwa na taratibu za kugawana maji, ardhi, mifugo na kazi. Taratibu hizo nyingine zilikuwa za haki, nyingine zilikuwa za dhuluma, na historia ya kihamba haieleweki bila kuzitazama zote.

Wahenga wa Wachagga hawakutoka mahali pamoja. Masimulizi ya koo mbalimbali yanawataja waliotoka Ukamba, Taita, Upare na hata kwa Wamasai, wakapanda mlimani kwa vipindi tofauti katika muda wa karne nyingi. Walikuta msitu mnene juu ya udongo wa volkano wenye rutuba, na mvua ambayo katika sehemu za juu za mteremko wa kusini hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ugweno, milima ya jirani yenye wahunzi, ilileta majembe na panga. Mazao ya kwanza yalikuwa ulezi, viazi vikuu na magimbi. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, nao ulifika Afrika Mashariki zamani za kale, ukapata Kilimanjaro makao yanayoufaa kuliko karibu mahali pengine popote: joto la wastani, unyevu, na kivuli chepesi.

Msitu haukufyekwa wote. Miti iliyokuwa na faida iliachwa, na iliyoondolewa ilipisha mimea ya chakula katika nafasi ileile iliyoachwa wazi. Mruka uliachwa kwa sababu majani yake mepesi hupitisha mwanga, nao ni wa jamii ya mikunde, inayorutubisha udongo. Mringaringa uliachwa kwa mbao zake, zinazofaa kuchongea mizinga na vyombo vya pombe. Msesewe uliachwa kwa gome lake chungu, linalotiwa katika mbege, pombe ya ndizi na ulezi ambayo bila yake hapakuwa na posa wala mazishi wala kikao cha wazee. Hivyo kila mti uliobaki ulikuwa na kazi inayojulikana, na mara nyingi zaidi ya moja.

Ukisimama chini ya kihamba kilichotunzwa na kuinua macho, tabaka zinaonekana waziwazi. Chini kabisa, pasipofika urefu wa mtu, kuna magimbi kwenye sehemu zenye unyevu, maharage, mboga na majani ya ng'ombe. Juu yake kuna mibuni. Juu ya mibuni kuna migomba, majani yake mapana yakikinga jua la saa sita na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Juu ya migomba kuna miti ya wastani inayotoa kuni na lishe ya mifugo, na juu ya yote kuna miti mirefu ya mbao inayofika mita 20 hadi 30. Viazi vikuu hupanda juu ya mashina ya miti, visidai nafasi yao wenyewe. Mizizi nayo imegawana udongo: ya mgomba hukaa karibu na juu, ya miti hushuka chini na kupandisha rutuba ambayo mazao madogo yasingeifikia, kisha majani yanapoanguka rutuba hiyo hurudi juu ya ardhi. Mteremko mkali unaopata mvua kubwa namna hiyo ungelimwa kwa kufyekwa wote, udongo wake ungeondoka katika masika chache. Kihamba kimelimwa vizazi na vizazi na udongo upo.

Aina za migomba pekee ni elimu nzima. Mchare ni wa kupika, kitarasa hutumika zaidi katika pombe na uji, kisukari ni tunda. Mtori wa mzazi aliyejifungua, kiburu cha ndizi na maharage, machalari ya ndizi na nyama: kila chakula kina ndizi yake, na mwenye kihamba alipanda aina nyingi kwa pamoja ili ugonjwa wa aina moja usimwache na njaa. Mkungu ukikatwa, hakuna kinachotupwa. Majani huezekea na kufunikia, maganda huliwa na ng'ombe, shina hukatwakatwa na kupewa mifugo au kulazwa chini kama matandazo.

Ng'ombe wa kihamba hachungwi. Hukaa ndani, zamani katika nyumba ileile wanamolala watu, na chakula hufuatwa na kuletwa. Kazi ya kukata majani iliwaangukia wanawake na wasichana. Walishuka hadi tambarare, wakakata, wakafunga mzigo na kuupandisha mlimani kichwani, mwendo wa saa kadhaa. Mzigo huo ulikuwa lishe, lakini pia ulikuwa rutuba inayohamishwa kutoka tambarare kwenda mlimani, kwa sababu kilicholiwa leo kilikuwa samadi kwenye shina la mgomba kesho kutwa. Bila mabega na shingo za wanawake, tabaka zote zilizotajwa juu zingekwisha nguvu. Ni jambo la kusikitisha kwamba maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu mzunguko wa rutuba katika kihamba huonyesha mishale kutoka kwenye majani hadi kwa ng'ombe hadi kwenye udongo, na aliyebeba majani hayumo katika mchoro.

Asiye na ng'ombe hakuachwa bila samadi. Ulikuwapo utaratibu wa kuweka mnyama kwa mtu mwingine: mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jirani au ndugu ng'ombe mmoja, mfugaji akapata maziwa na samadi, na ng'ombe alipochinjwa alipata sehemu yake ya nyama, huku ndama wakibaki wa mwenye mali. Tajiri alipunguza hatari ya kupoteza kundi lote kwa ugonjwa mmoja au uvamizi, na maskini alipata kurutubisha migomba yake. Samadi ilisambaa mlimani kwa njia hiyo, kutoka kaya moja hadi nyingine.

Kati ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba kuna miezi mikavu, na vijito vya mlima hupita ndani ya makorongo marefu, chini sana kuliko mashamba. Hapo ndipo ulipozaliwa mfongo. Mfongo ni mfereji unaochukua maji juu kabisa mtoni, mara nyingi ndani ya msitu, ukayafikisha mashambani kwa kufuata umbo la mlima, ukishuka kidogo sana kwa kila hatua ili maji yatembee bila kuchimba ukingo. Banio lilijengwa kwa mawe, magogo, majani na udongo. Palipokuwa na bonde la kuvuka, magogo yaliyochimbwa katikati yaliwekwa kama daraja la maji. Banio halikuziba mto wote. Sehemu ya maji ilivuja na kuendelea na safari, na hiyo ilikuwa riziki ya walioko chini. Masika ikilibomoa, lilijengwa tena. Mabanio hayo yaliwashangaza baadhi ya wahandisi wa baadaye waliozoea saruji, lakini kujenga kitu kinachokubali kubomoka na kujengwa upya ilikuwa hekima kwenye mito inayofurika ghafla.

Aliyepima njia ya mfongo na kuongoza uchimbaji alibaki na heshima ya mwanzilishi, na ukoo wake ukatoa mzee wa mfongo. Kazi ya mzee huyo ilikuwa kugawa zamu, kuita watu kwenye usafishaji na kuamua migogoro. Sheria ya msingi ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kukwepa: asiyekwenda kazini hapati maji mpaka alipe faini, kwa kawaida mbege au mbuzi. Maji ya usiku yaliingizwa kwenye mabwawa madogo ili yasipotee, na asubuhi yakafunguliwa kwa mwenye zamu. Ulezi wa mbege ulimwagiliwa kiangazi kwa maji hayo, na nyumba zilichota humo maji ya kunywa na kupikia. Mwanaakiolojia Fidelis Masao, aliyeandika juu ya umwagiliaji wa Uchagani mwaka 1974, alionyesha jinsi uhusiano wa koo na utawala wa mangi, yaani mtawala wa Kichagga, ulivyofungamana na mifereji hii. Hata hivyo mwanamke, aliyechota na kumwagilia, hakuruhusiwa kuchimba mfongo wala kukaribia banio, na kwa sababu haki ya maji ilipatikana kwa kazi ya kuchimba, haki yake ilipitia kwa mume au mwana.

Mipaka ya vihamba haikuwekewa mawe bali masale, mmea wa majani membamba unaodumu miaka mingi na kuchipua hata ukikatwa. Masale yalizunguka makaburi pia, na jani lake lilikuwa ombi la msamaha: aliyekosa alilipeleka kwa aliyekosewa, na kulikataa lilikuwa jambo zito mbele ya jamii. Mmea uleule ulioonyesha mpaka ndio uliotumika kusuluhisha ugomvi wa mpaka.

Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeishi Uchagani sehemu kubwa ya miaka kati ya 1902 na 1938 na kuandika mengi juu ya sheria na desturi za Wachagga, alieleza utaratibu wa kukata mti wa kuchonga mzinga. Mti wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa dada wa mwenye kihamba. Kabla ya shoka kugusa gome, ulisemeshwa kama binti anayeozwa, ukapelekewa sadaka, na mwenyewe akakaa mbali wakati wa kukata kama ndugu anayehuzunika kuachana na dada yake. Huenda leo desturi hiyo ikaonekana ngeni. Lakini mtu anayelazimika kufanya matayarisho ya siku nzima kabla ya kukata mti mmoja hakati miti ovyo.

Elimu ya kihamba haikuwa na darasa. Mtoto alijifunza kwa kufuatana na wakubwa: kuacha machipukizi matatu kwenye shina la mgomba, mama, mwana na mjukuu, na kung'oa mengine, kutambua mti unaostahimili kukatwa matawi na ule usiostahimili, kusoma mkondo wa maji kwa jicho. Nidhamu ya kupanga shamba ilikaa katika mikono kabla ya kuandikwa na mtu yeyote.

Ardhi ilirithiwa kwa upande wa wanaume. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa kihamba, mara nyingi akioa, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza uzeeni. Wa katikati walitafuta ardhi mpya, na kwa muda mrefu ilipatikana: mangi aligawa mapori, au kijana alifyeka kuelekea juu msituni au kuelekea chini. Tambarare zililimwa ulezi, na baadaye mahindi na maharage, katika mashamba yasiyo ya kudumu. Binti alitumia ardhi ya baba mpaka aolewe, kisha ya mume. Mjane alikaa kwa ridhaa ya wanawe na shemeji zake. Mradi ardhi ilikuwa nyingi, ukali wa taratibu hizi ulifichika, isipokuwa kwa wanawake, ambao kwao ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Wala Uchaga wa zamani haukuwa bustani ya amani. Karne ya 19 ilikuwa na vita vya wamangi. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipita Kilimanjaro kununua pembe na kupata chakula, na vihamba viliweza kulisha mamia ya wapagazi kwa sababu vilizalisha ziada mwaka mzima. Misafara hiyohiyo ilinunua mateka, wengi wao wanawake na watoto. Mwongozaji aliyemfikisha mmisionari Johannes Rebmann Kilema mwaka 1848 alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, aliyezijua njia hizo kwa biashara. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliandika kwa mshangao juu ya mifereji na mashamba aliyoyakuta.

Utawala wa Wajerumani ulibadilisha ramani ya mlima. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine. Msitu wa juu ukawa hifadhi ya serikali, na chini ya vihamba ardhi ikagawiwa walowezi kwa mashamba makubwa ya kahawa na katani. Vihamba vikabanwa katikati. Wana wa katikati, waliozoea kupanda au kushuka kutafuta pa kuanzia, wakakuta alama za mipaka pande zote mbili, na wanawake wakayazunguka mashamba ya walowezi ili wafike kwenye majani. Waingereza walirithi hali hiyo. Ilipofika 1947, tume ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi ilikiri kuwa mlima umejaa, ikapendekeza baadhi ya mashamba yaliyotwaliwa yarudishwe. Kilichorudi kilikuwa kidogo kuliko kilichochukuliwa.

Kahawa ya arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mbuni ni mti wa msituni kwa asili yake, mti wa kivuli wa nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo uliingia chini ya migomba bila kuivunja. Hapa kihamba kilionyesha nguvu ya mpangilio wake: zao jipya la biashara lilipata tabaka lake, na chakula hakikuondolewa kulipisha. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyetawala Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliwahimiza Wachagga walime kahawa. Walowezi walipinga vikali, wakidai mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa. Hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Waafrika walizuiwa kulima arabika mpaka miaka ya 1930, na wengi wao mpaka miaka ya 1950.

Wachagga walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ili wauze kahawa pamoja, wanunue dawa pamoja na kuilinda haki yao ya kulima. Serikali iliona chama hicho kina nguvu kuliko ilivyopenda. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, nafasi yake ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933 juu ya vyama vya msingi vya vijijini. Haikuwa safari tulivu. Mwaka 1937 wakulima wa sehemu kadhaa waliharibu majengo ya vyama wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia chama kikuu peke yake. Lakini ushirika ulibaki, na fedha ya kahawa ilijenga shule, zahanati na barabara kwa wingi ambao mikoa mingi ya Tanganyika haikuujua. Moshi ukawa mji wa ushirika. Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapo mwaka 1963.

Ndani ya nyumba, kahawa iligawa fedha kwa namna ambayo ndizi hazikuigawa. Ndizi na maziwa yalikuwa ya mama: yeye ndiye aliyepeleka mikungu sokoni Mwika au Kibosho na kurudi na chumvi na mahitaji ya watoto. Kahawa ilikuwa ya baba, na jina katika kitabu cha chama lilikuwa lake, ingawa mama na watoto ndio waliochuma na kubeba sehemu kubwa. Ushirika ulipigania haki ya mkulima mbele ya mlowezi na mnunuzi, lakini haukugusa mgawanyo wa jikoni.

Miaka ya 1940 ulitengwa ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili kati ya vijiji na hifadhi, ukiwa chini ya mamlaka ya wenyeji wenyewe, ili watu wapate kuni, mbao na majani bila kuingia hifadhini. Miti ilipandwa, kanuni ziliwekwa na wazee na wamangi. Ulifanya kazi vizuri kwa muda, mpaka usimamizi ulipohamia mikononi mwa mamlaka nyingine baada ya uhuru na wanakijiji wakaacha kuuona kuwa wao. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa kuchukua msitu wote. Kwa majirani wa msitu, hasa wanawake wanaotafuta kuni, upanuzi huo ulimaanisha kuwa njia walizopita mama zao sasa zina askari.

Nusu ya pili ya karne ya 20 iliandama kihamba kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha punje za kahawa, uliingia miaka ya 1960 na kuwalazimisha wakulima kunyunyizia sumu mara nyingi kwa msimu, gharama ambayo wengi hawakuimudu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU haikurudi mpaka 1984. Mkataba wa kimataifa uliodhibiti bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989. Soko la ndani lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilishuka kiasi kwamba baadhi ya wakulima waling'oa mibuni. Kwenye sehemu zilizong'olewa walipanda mahindi au nyanya, mazao yanayotaka jua, na ili jua lifike miti ikakatwa. Hapo tabaka zilianza kupungua, na si kwa ujinga wa mkulima: mti wa kivuli unamlinda yule anayelipwa kwa kahawa iliyo chini yake. KNCU ilijaribu njia nyingine, ikaingia mapema katika biashara ya haki ya kahawa na baadaye katika kahawa ya kilimo hai. Kituo cha utafiti cha Lyamungo, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilitoa aina mpya za mibuni zinazostahimili chulebuni bila sumu.

Maji nayo yaliingia katika hesabu za wengine. Mito ya Kilimanjaro hulisha bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Ofisi ya maji ya bonde la Pangani ilipoanza kazi mwaka 1991, na ada za matumizi ya maji zilipofuata, wazee wa mifongo waliambiwa waombe kibali cha maji ambayo babu zao waliyachimbia njia. Wengi walikataa, na hoja yao ilikuwa na uzito: maji ni ya Mungu, mfereji ni wa waliouchimba, na ada wanailipa kwa jasho kila mwaka wanapousafisha. Hata hivyo walio chini nao wana kiu. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumiaji maji, na kupitia jumuiya hizo baadhi ya mifongo imepata nafasi ya kisheria.

Wakati vihamba vikipungua miti, dunia ya wataalamu ilikuwa inavigundua. Mwaka 1978 Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walichapisha kitabu chao cha kwanza cha pemakalcha, mtindo wa kupanga shamba kwa kuiga maumbile: mimea ya kudumu, tabaka, kila kitu na kazi zaidi ya moja, taka ya kimoja chakula cha kingine. Wakati huohuo kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto cha miti kilianzishwa Nairobi. Mwaka 1984 E. C. M. Fernandes, A. O'Kting'ati na J. Maghembe walichapisha uchunguzi wa vihamba ambao ulisomwa sana: wastani wa shamba hekta 0.68, na zaidi ya aina 100 za mimea inayotumiwa. Mwanaikolojia Andreas Hemp alihesabu mimea yote, ya kupandwa na ya kujiotea, akachapisha mwaka 2006 kwamba vihamba vina zaidi ya aina 500, zikiwemo nyingi za msitu wa asili. Katika ukanda wenye watu wengi kiasi hicho, hilo ni jambo adimu sana duniani. Kilichofundishwa kama ubunifu mpya katika semina za Ulaya na Amerika kilikuwa kimekwisha kujaribiwa Kilimanjaro na watu wasiotajwa majina, kwa mvua na ukame wa vizazi vingi.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza kijiji cha Shimbwe Juu, Uru, katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi muhimu duniani. Wanakijiji wenyewe walishirikishwa kuchagua hatua za kuinua mapato bila kukata miti: kahawa ya kilimo hai, vanila inayopanda juu ya miti kama viazi vikuu vilivyopanda zamani, ufugaji wa samaki kwenye maji ya mifereji, na ukarabati wa mifongo. Vanila hasa ilistahili kuchaguliwa, kwa kuwa ni mmea wa msituni unaotaka kivuli na mhimili, na kihamba kinavyo vyote viwili.

Tatizo lililobaki halitatuliwi kwa mmea. Kihamba kilichogawanywa kwa wana watatu, kisha kwa wajukuu, hakitoshi tena ng'ombe, kahawa na nyumba. Vijana wengi wanaishi Dar es Salaam, Arusha na Moshi mjini, na kihamba kimekuwa mahali pa kurudi Desemba na pa kuzikiwa. Wanaokilima kila siku ni mama wa miaka 60 na binti aliyebaki nyumbani au aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, na hao ndio ambao mila haiwapi kukimiliki. Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza iliamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka Uhayani, kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na zinabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa vikao vya ukoo, huko Marangu, Uru, Rombo na kwingineko: anayekilima kihamba akirithi, awe binti au mwana.